Kilo Mbili za Gunia

Nyamoita amepeleka majani chai kwenye kituo cha kijijini kwao, karibu na Ogembo, kwa miaka ishirini, na kila mara karani Manasseh humkata kilo mbili. Moja ya gunia, anasema, na nyingine ya umande, hata wakati wa kiangazi.

Jumapili iliyopita kulikuwa na mashindano ya mieleka ya wasichana. Waandaaji walikumbuka fulana zao wenyewe, wakasahau mizani. Basi ikaletwa ile ya majani chai, pamoja na Manasseh wake, na watoto wakaning'inia kwenye ndoano mmoja mmoja kama mizigo.

Kundi la wepesi lilikuwa na mwisho wa kilo hamsini. Purity, mpwa wa Manasseh, alifika hamsini na mbili. Mjomba akaandika hamsini, mkono umezoea. Joyline, binti wa Nyamoita, alifika hamsini na moja. Akaandikwa hamsini na moja, akapangwa na wasichana wakubwa, na akaangushwa kabla mama yake hajapata pa kuketi.

Nyamoita akaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa rufaa, ambaye kwa bahati njema alikuwa Manasseh.

"Mama Joyline," akamwambia kwa upole, "mizani haidanganyi."

Kesho yake Nyamoita alipeleka majani kituoni. Mshale ukasimama kwenye ishirini. Manasseh akaandika kumi na nane.

"Jana ulisema mizani haidanganyi."

"Jana nilikuwa napima watu," Manasseh akajibu bila kuinua macho. "Mwingine aje."