Tumbo la Shangazi Kitabuni

Shangazi yangu alikaa miaka kadhaa Wamaza, katika nyumba ya Mbelgiji mmoja mnunuzi wa pamba. Alikuwa mjane, mtu mzima mwenye akili zake, na wazungu walimwita menajere, jina la mke asiyetakiwa kuonekana mezani. Yule Mbelgiji alipenda kuchora. Pamba ikimchosha, alimwambia shangazi avue kitenge, naye akakaa akivuta mistari mpaka jua linageuka. Kisha akafunga masanduku yake, akarudi kwao. Shangazi akaja Kasongo, akaolewa na fundi cherehani, mtu wa msikitini mwenye wivu wa kupindukia.

Mimi, binti wa kaka yake, nilikuwa mpiga pasi kwa Mbelgiji mwingine, aliyeshika kazi ya pamba hapa mjini. Asubuhi moja nilikuta mezani kitabu kikubwa kilichotoka Ulaya kwa posta. Nikaweka pasi ya makaa pembeni, nikafunua. Loo! Watu uchi tangu mwanzo. Wengine walichorwa kwenye mitungi ya kale, wengine walikuwa wa mawe, wamekumbatiana kwenye kuta za hekalu la Wahindi. Wengine wa Japani, nguo zao nyingi kuliko miili yao, na bado uliona kila kitu. Sitasema nilichukizwa. Nilicheka peke yangu: kumbe hata mababu wa hawa wanaotufundisha kuona haya walikuwa na mambo yao! Nikaendelea kufunua mpaka karibu na mwisho, kicheko kikanikatika.

Mwanamke alikuwa amelala kwenye mkeka. Uso sikuujua. Mchoraji alimbadilishia, nadhani kwa wema, ili asitambulike. Lakini tumbo aliliacha lilivyo, maskini, hakujua. Kwetu Kabambare kila mkataji wa chale ana mkono wake. Bibi yangu ndiye aliyewachanja wanawake wa nyumba yetu walipoolewa. Alipanga safu tatu chini ya kitovu na ile ya katikati akaivunja. Nilikuwa nimeoga mtoni na shangazi miaka mingi. Yule alikuwa yeye, aliyechorwa kule Wamaza, amebandikwa kichwa cha mtu mwingine.

Bwana wa nyumba akaufanya ukurasa ule kuwa mchezo wake. Hata akina mama wa Nyangwe wakileta samaki aliwaita barazani: “Munamujua huyu?” Walifunika midomo wakakimbia. Niliogopa. Siku akija mama mmoja tu kutoka Kabambare, fundi cherehani angepata habari kabla ya jioni, na shangazi angetupiwa vitu vyake nje.

Nikamwambia shangazi. Akaja mchana Bwana akiwa kwenye mashamba, akasimama mbele ya kitabu akishikilia kitenge chake kwa mikono miwili.

“Kichwa si yangu,” akasema. “Lakini mimi ndiye iko hapa.”

“Tupasue karatasi, shangazi?”

“Iko moja tu?”

Nilikuwa nimeiona mashine ya kuchapa ya mapadri ikitoa karatasi moja baada ya nyingine, zote sawasawa. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia vitabu vya namna ile ni vingi, vimetawanyika Ulaya.

Akakaa chini sakafuni. “Basi siku nitakufa mutanifunika sanda, na kule watu watanifunua tena.”

Tangu hapo hakuwa na raha. Katikati ya chakula alishtuka na kuvuta kitenge, kama mtu aliyefunuliwa ghafla. Alisema anasikia baridi tumboni, kwenye jua kali la Kasongo. Mumewe alidhani ni malaria. Mimi nilijua, na nilimchukia yule mchoraji kwa moyo wangu wote.

Mwishowe alimuaga mumewe kwamba anakwenda kutibiwa tumbo kwa mama yake, akashika njia ya Kabambare. Bibi, ndiye huyo mama yake, alikataa, akalia, halafu akachukua wembe. Shangazi alirudi akitembea ameinama. Akanivuta nyuma ya jiko, akafungua kitenge. Zile safu tatu hazikuwepo tena. Juu yake zilipita chale nyingine, za kukatana ovyo, zimevimba, bado nyeusi kwa masizi.

“Sasa ule wa kitabu haina mwenyewe,” akasema, akacheka. Jioni ile alikula ugali wake wote bila kugusa kitenge. Mumewe aliambiwa ni dawa ya tumbo, na akaamini.

Baada ya siku chache Bwana alinikuta ninapiga pasi, kitabu kimefunuliwa palepale. Alikuwa amechoka kuuliza wauza samaki.

“Na wewe? Unamujua huyu?”

Nilimtazama mwanamke wa kwenye mkeka. Uso haukuwa wa mtu yeyote niliyewahi kumwona, na tumbo lile halikuwepo tena Kasongo wala Kabambare.

“Hapana, Bwana. Simujui.”

Sikusema uongo. Lakini yule mwanamke aliendelea kunitazama kwa macho yale ya kuazima, kama ndugu niliyemkana, na nililia mpaka nikaunguza shati.