Ukuta wa Jiko Letu

Huku kwetu kusiriba nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanaume akionekana ameshika tope la ukutani, watu wanauliza kama mkewe ni mgonjwa. Mume wangu hakujali. Mwaka tuliooana, hapa Nkende mjini Tarime, alirudi kazini jioni akanikuta nasiriba jiko la nje, akaninyang'anya udongo na majivu, akaanza kuchora. Jua linazama, ukuta una ng'ombe wanne na mwanamke mwenye mdomo mkubwa. Mwanamke huyo ni mimi. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikamnunia siku mbili nzima.

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango na kuchora kuta za maduka: mitindo ya nywele saluni, ng'ombe buchani. Akirudi ananawa rangi kwa mafuta ya taa, anachukua litungu lake la nyuzi nane, anakaa kwenye kigoda huku mimi nasonga ugali. Wenzake wako baa. Yeye ananitungia nyimbo za kunichokoza, jinsi nilivyogombana na muuza nyanya, jinsi nilivyomkimbiza mbuzi wa jirani na mwiko mkononi. Namwambia, "Acha ujinga, watoto wanasikia." Ndiyo kwanza anapandisha sauti. Watoto wetu watatu, kila mmoja alichorewa mnyama wake ukutani siku alipozaliwa, na mvua ikifuta, baba yao anamchora upya. Nilimpenda mtu yule, jamani. Sikumwambia vya kutosha, maana mdomo wangu ni mwepesi kugomba.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, maneno yakapotea yote. Hospitali walisema huenda yakarudi, huenda yasirudi. Miezi mitano ikapita, hakuna hata moja. Nilikuwa namlisha, namwogesha, namtoa nje kwenye kiti aote jua. Anaangalia tu.

Mwezi huo wa tano akaja kaka yake mkubwa kutoka kijijini kwao Itiryo. Ni mtu mzuri, simsemi vibaya, lakini alisimama mbele ya mgonjwa akazungumza kana kwamba hapana mtu pale.

"Shemeji, mtu amekwisha. Hayupo tena humu ndani. Ukoo umekaa, tumeamua arudi nyumbani, tukae naye mpaka siku yake. Jumamosi nakuja na gari."

Nikamwuliza, na mimi je? Na shule ya watoto, na kibanda changu cha mboga? Akasema sisi tubaki Tarime, tutakuwa tunakwenda kumsalimia. Kumsalimia! Mume wangu! Hasira zikanipanda. Nikamwambia huyu ana akili zake zote na anasikia kila kitu.

"Basi aseme mwenyewe," akajibu kwa upole. "Akitamka neno moja tu, namwacha kwako."

Nilikuwa na siku sita. Nilimpikia kichuri, chakula alichokuwa akikililia. Akala, kimya. Nikachukua litungu nikalikwaruza vibaya makusudi, nikijua havumilii uzi uliolegea. Kimya. Siku ya Jumatano nikamgombeza kweli kweli, nikamwambia ananiachia aibu na upweke, atamke basi, hata anitukane. Akafumba macho. Nikaenda nyuma ya choo nikalia, nikarudi kumwomba msamaha.

Ijumaa sikuwa na ujanja tena. Nguo zake nilikuwa nimeshazikunja. Nikaona ukuta wa jiko ulivyoliwa na mvua, wanyama wote wamefutika, nikasema angalau aondoke akiwa ameuona umesiribwa. Nikakanda udongo, nikapaka. Ulipokauka kidogo nikachukua majivu na masizi. Sijawahi kuchora maishani mwangu. Nilimchora yeye, amekaa kwenye kigoda, na litungu mapajani. Nilitia moyo wangu wote, na kilichotoka ni balaa. Kichwa kama chungu, miguu miwili imetokea upande mmoja. Binti yetu mdogo akatoka shule, akasimama akaangalia sana.

"Mama, huyu ni mbuni?"

"Ni tata, baba yako!"

Akacheka hadi akadondosha daftari. Mimi nikamtazama mume wangu kwenye kiti chake. Alikuwa ameukazia macho ukuta, lakini hakutoa sauti, na giza lilipoingia nikamrudisha ndani.

Jumamosi asubuhi gari likaja. Shemeji alishuka, nikamwamkia shikamoo, sikumtazama usoni. Dereva akachukua begi la nguo akalipakia. Mume wangu nilikuwa nimemkalisha nje, nimemvalisha shati lake jeupe. Shemeji akawa anazungukazunguka uani, nadhani naye hakutaka kuanza kazi ile ya kumbeba ndugu yake. Akafika kwenye jiko, akasimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa huku na huku.

"Sasa huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikainama nikajifanya nafunga kitenge.

"Mimi."

Sauti ilitoka kwenye kiti. Ilikuwa nzito, imekwama nusu puani, lakini ni yake. Shemeji akageuka. Mume wangu akanyanyua mkono wa kushoto, taratibu sana, akaonyesha lile chukizo langu la masizi ambalo hata mtoto wake hakulitambua.

"Mimi," akasema tena.

Shemeji akavua kofia. Akaenda akachuchumaa mbele ya mdogo wake, akamshika magoti, akamwita kijana kwa Kikurya chetu, "Mura, mura," basi, hakuweza zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye udongo, nalia kwa sauti, wala sikuona haya. Nilipoinua uso, shemeji alikuwa ametoa begi la nguo kwenye gari na analirudisha ndani yeye mwenyewe.