Magongo Niliyoyatupa Siku ya Ngurario

Kosa nitakalolisimulia ni wivu, mwanangu, na ninalitaja mapema ili usije ukalihurumia.

Naikumbuka siku ya ngurario yangu, arusi yetu ya kimila, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nilikuwa nimeteleza kwenye mteremko wa shamba la kahawa na kuvunjika kifundo cha mguu. Daktari alinifunga plasta, akanipa magongo, akanikataza kuukanyagia mguu huo mpaka eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeunga.

Ilipofika saa ya bwana arusi kumtambua mchumba wake miongoni mwa wasichana waliofunikwa shuka gubigubi, shangazi za bibi arusi walikubali binamu yangu Maina apite kwenye safu badala yangu, nami nielekeze nikiwa kitini. Maina alipita kwa madaha, akimwinamia kila msichana.

"Huyu mrefu ndiye tunataka!" shangazi mmoja akapaza sauti. "Wa magongo abaki akichunga kiti!"

Watu walicheka. Mimi damu ilinichemka. Nilimwonea Maina wivu kwa miguu yake miwili, kwa vicheko vya wanawake, kwa kuikaribia shuka iliyomficha mchumba wangu. Nikayatupa magongo, nikatembea. Nilimtambua kweli, lakini nilipomfunua nilikuwa nimeegemea mguu mmoja kwa maumivu.

Alinitazama mguu, si uso. "Kwani unanioa mimi, ama unashindana na Maina?" akaninong'oneza. "Keti chini. Ati mwanaume!"

Mfupa ulikuwa umehama. Nilipasuliwa, nikatiwa chuma, nikaonywa kwamba kifundo kingeweza kukakamaa nikabaki kiwete. Nilikaribia kukata tamaa, hasa nilipomwona Maina akipanda mteremko na debe la kahawa begani. Mke wangu ndiye aliyenigeuza uso nisimtazame. Daktari aliporuhusu mazoezi, alikaa mbele yangu kila asubuhi nikikunja na kuzungusha kifundo, akinikemea nilipoharakisha, na kunikemea zaidi nilipozembea. Leo natembea, ingawa baridi ya Julai hunichoma pale pale.

Basi sikia, mwanangu, nawe uliyefungwa plasta mguuni. Usiupime mguu wako kwa mguu wa mwenzako. Usiukanyagie kabla ya ruhusa. Ukisharuhusiwa, usiudekeze, bali fanya mazoezi uliyofundishwa. Uinue unapovimba. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, nenda hospitali papo hapo.

Mungu akupe mifupa imara na moyo usiohesabu hatua za wengine, na akujalie mtu wa kukukemea kwa upendo, kama alivyonijalia mke wangu Nyawira.