Jasho la Kontena

Marieta Bura hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Baba yake, kule kijijini Daudi, alikuwa na ndama wengi na watoto wachache, basi kaka zake wakapewa madaftari, yeye akapewa fimbo. Hajui kusoma, lakini anajua kutazama. Mtu akisema naye, hatazami mdomo. Anatazama macho yanakimbilia wapi. Aliolewa Gitting, mume akamfia huko huko, na kabla matanga hayajaisha shemeji zake walikuwa wameshagawana shamba. Yeye wakamwachia kipande cha mawe kando ya korongo. Tangu hapo, mtu akimchekea, anajiuliza kwanza anataka nini.

Kilichomlisha ni makande. Kikundi cha akina mama wa Gitting kilipika mahindi na maharage, kikayaanika kwenye makaushio ya jua mpaka yakawa makavu kama changarawe, kikayafunga kwenye mifuko ya karatasi. Mlaji anamwaga maji ya moto, anangoja kidogo, anakula. Yalikaa mwaka mzima bila kuharibika. Na aliyekuwa akiamua kama yamekauka ni Marieta. Alitia punje kinywani akaipasua kwa jino. Ikilia, imekauka. Ikinyamaza, irudi juani.

Kisha likapatikana soko Kanada, kwa watu wa kwetu waliohamia huko wakabaki na hamu ya chakula cha nyumbani. Kontena la kwanza likaenda kwa lori mpaka bandarini Dar es Salaam, likapanda meli. Lilipofunguliwa ng'ambo, maboksi yalikuwa yameloa na makande yameota ukungu wa kijani. Habari ilimfikia Getruda, mwenyekiti wa kikundi, kwa simu. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Getruda alisimama nje ya kanisa akasema watu wote wakisikia: "Tumeaibishwa na mtu mmoja aliyefunga makande mabichi."

Hakutaja jina. Halikuwa na haja ya kutajwa.

Marieta akaondolewa kwenye makaushio, akapewa ufagio. "Mama Tito," wenzake walimchokoza, "hebu itafune hii chai utuambie kama imekauka!" Wakaangua kicheko. Yeye akafagia. Alijua jino lake halikumdanganya. Kuna mtu alifanya kitu. Nani, na kitu gani, ndicho hakukijua. Akawa anawachungulia wote. Wawili wakinong'ona, alifagia kuelekea kwao. Mtu akimpa chakula, alisubiri mwenyewe amege kwanza. Hata Fransiska, jirani yake aliyekuwa akimletea maziwa, siku moja alimuuliza, "Mbona wewe tu ndiye unayenihurumia? Umenifanyia nini?" Fransiska akacheka, kisha akakasirika.

Msimu wa pili kontena lingine likaja. Lilisimama mbele ya ghala mgongoni mwa lori, likiwa limeshapakiwa magunia ya mbaazi upande wa ndani. Makande yalikuwa yawekwe karibu na mlango. Pamoja nalo alikuja tena Isidori, kijana wa Babati, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikishughulikia safari ya mizigo. Maboksi yalipokwisha kupangwa, Isidori akapanda ndani na kuanza kuning'iniza vifuko vyeupe kwenye kulabu za ukutani.

Marieta akaacha kufagia. Safari ya kwanza alibaki kwenye makaushio, hakuviona.

"Shikamoo, mama," Isidori akasema.

"Marahaba. Hivyo ni vitu gani?"

"Ni dawa tu, mama."

Dawa! Iko dawa ya kuponya, iko dawa ya panya, na iko ile ambayo mtu humfukia mwenzake mlangoni. Marieta alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Dawa ya nini? Nani anaumwa?"

"Kontena linaumwa, mama." Wanawake wakacheka.

"Na hayo maandishi hapo yanasemaje?"

Isidori akakitazama kifuko. "Yanasema usile."

"Mmesikia!" Marieta akawageukia wenzake. "Chakula kinafungiwa ndani na kitu kisicholiwa, safari ya miezi. Wakifa watu huko, ataambiwa nani? Mimi! Wewe mtoto, hebu onja."

"Mama, hakiliwi hiki."

"Kwetu anayekukaribisha pombe anatangulia kunywa yeye, ndipo anakupa. Onja."

"Onja, baba, ujiokoe," Fransiska akasema, na kicheko kikazidi.

Ila mmoja hakucheka. Getruda, ambaye siku zote alikuwa mwepesi kumnyamazisha Marieta, alikuwa ameinamia daftari, akihesabu tena maboksi ambayo yalishahesabiwa. Marieta akayaona macho yake. Yalikuwa yanatafuta pa kujificha.

"Mwenyekiti, leo huna neno?"

"Mwacheni kijana afanye kazi yake," Getruda akasema bila kuinua uso.

Isidori alikuwa amechoka kuchekwa. "Jamani, akina mama wa hapa mna nini na hivi vifuko? Kontena ni chuma. Mchana linaungua, usiku linapoa, na baharini ni wiki na wiki. Linatoka jasho. Maji yanadondoka kutoka darini kama mvua. Hivi ndivyo vinavyoyanywa. Safari ile mwenyekiti alivitoa vyote, nikavikuta vimetupwa nyuma ya ghala. Akaniambia kikundi kimekataa, chakula hakilali na sumu. Sikutaka kubishana na mama zangu, nikafunga mlango. Si mlisikia kilichotokea? Picha za ule ukungu nilimtumia mwenyekiti, nikamwambia ni jasho la kontena."

Vichwa vikamgeukia Getruda. Kijana akatazama huku na huku. Hakujua amesema nini.

"Mama Kelvin," Fransiska akamwita Getruda polepole, "ulijua?"

"Niliona vimeandikwa usile," Getruda akajibu. "Niliogopa tusije tukaua watu."

"Hilo sikuulizi," Marieta akasema. "Kuogopa hata mimi nimeogopa sasa hivi. Nakuuliza siku ulipoletewa picha ukaambiwa ni jasho. Mimi niliingiaje hapo?"

Marieta akapanda kwenye kontena, akakaa mlangoni, miguu ikining'inia nje, ufagio mapajani.

Dereva akapiga honi. "Mama, shuka, nifunge. Meli haimngoji mtu."

"Na mimi aliningoja nani?"

Getruda akaenda ukingoni mwa uwanja, akang'oa majani mabichi, akarudi ameyashika mbele kwa mikono miwili, kama afanyavyo mtu wa huku akitaka amani. "Mama Tito, yaishe. Yamepita."

"Majani wape ng'ombe. Hukunisema kwa majani, ulinisema kwa mdomo."

"Nitasema Jumapili, kanisani."

"Basi hili nalo litaondoka Jumatatu."

Honi ikalia tena. Wanawake walikuwa wamekaribia wote, na waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Getruda akateremsha mikono.

"Makande yalikuwa makavu," akasema kwa sauti ndogo.

"Upepo umechukua. Sijasikia."

"Makande yalikuwa makavu! Vifuko nilivitoa mimi. Kuna mtu nilimsingizia."

"Mtu gani?"

"Wewe."

"Wewe ni wengi hapa."

Getruda akafuta uso kwa kanga. "Marieta."

"Wako Marieta watatu Gitting."

"Marieta Bura," Getruda akasema, safari hii wazi, mpaka wa njiani wakasikia. "Nilimsingizia Marieta Bura."

Marieta akayatazama macho yake. Hayakukimbia. Kisha akashuka, akampisha dereva afunge mlango.