Miguu Myekundu ya Marjani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti la khaki lililonizidi mabega, na kuku mmoja. Koti nililivaa. Kuku sikujua nimfanyeje. Nilikuwa nimeshuka Mombasa kutoka Taita kwa treni na sanduku moja, cheti cha chuo cha mifugo kikiwa kimekunjwa ndani ya kitambaa, nami nilidhani kazi ingeanza kwa kuonyeshwa meza yangu.

"Mshike," alisema Afisa Mifugo wa Tarafa, mzee wa Kidigo, mwembamba, aliyekuwa na makovu ya makucha mikononi mwote.

Nikamdaka yule kuku kwa mabawa. Akanipiga usoni, akaniharishia koti.

"Huyo umemkamata. Mimi nimesema umshike."

Akanionyesha. Kiganja kinapita chini ya kidari, miguu inakaa katikati ya vidole, mwili unalala juu ya mkono kama mtoto aliyeshiba. Kuku akatulia papo hapo. Kisha mzee akaanza kupapasa kwa mkono wa pili, akinitajia kila anapopita: mfupa wa kidari, ambao ukichoma kama kisu ujue mnyama amekonda, gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, unaopaswa kuwa mtupu alfajiri na kujaa jioni, pua, macho, kilemba, chini ya mkia. Mwisho akamgeuza, akamtazama nyayo.

"Hapa ndipo watu husahau," akasema.

Tangu siku hiyo, kila niliporudi na ripoti, aliniuliza swali moja kabla hajaisoma: "Ulimshika?" Hata kwenye fomu zetu kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa *Uchunguzi wa mkono*. Ukimshika kuku, unakitia alama. Usipomshika, unakiacha wazi na kueleza kwa nini.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Walinipeleka kwanza Kizingo, kwenye nyumba kubwa zenye bustani, ambako kuku weupe wa mayai walipochoka kutaga walichinjwa mara moja. Sikuona kuku mzee hata mmoja kule. Kutoka hapo nikapelekwa Shimanzi. Kuku wa walinzi wa maghala walikuwa wakiokota mahindi yaliyofagiwa sakafuni, yenye kuvu, na wakifa ini likiwa limevimba. Nikajifunza kunusa chakula kabla ya kumtazama mgonjwa. Halafu nikapewa Mji wa Kale, kwa sababu moja tu: nilikuwa mwanamke.

Kuku wa Mji wa Kale walifugwa uani, ule uwazi wa ndani ambako wanawake hupika, hufua na kukaa vichwa wazi. Wenzangu wanaume waliishia mlangoni, wakaletewa kuku kwenye tenga. Mimi nilipiga hodi, nikajibiwa "Karibu, mwanangu, pita ndani," nikapita.

Na humo ndani ndimo nilimowakuta wazee. Kuku wa miaka saba, wa minane, makoo yaliyoacha kutaga zamani, na hakuna aliyefikiria kuyatia kwenye sufuria. Yalikuwa na majina. Yaliwekewa maji kivulini jua lilipohama. Bi Mwana Esha, aliyekaa mwisho wa kichochoro chenye nyumba saba, alikuwa na wake aitwaye Marjani. Binti yake alimwacha angali kifaranga alipokwenda Uarabuni kuolewa, na kila barua aliyotuma ilimalizika kwa kumsalimu Marjani.

"Nimwambie nini mwanangu? Kwamba nimemla?" aliniuliza siku ya kwanza.

Mwaka wangu wa pili mtaani, kukasikika habari za kideri upande wa Tudor. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi unaoweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kabla juma halijaisha. Hauna dawa. Una chanjo, tone moja jichoni kwa kuku mzima. Lakini ukishaingia, kilichobaki ni kuwachinja waliokaribiana na mgonjwa na kuwachoma.

Nilifika kwa Bi Mwana Esha nikiwa na chupa ya chanjo na hofu. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani, na mlango akauacha umerudishwa tu. Marjani alikuwa kwenye tenga kando ya kisima. Alikuwa amekaa kitako, mguu mmoja ameunyoosha kama hauna nguvu. Kinyesi chake kilikuwa kijani kibichi. Na miguu, Mungu wangu, ile miguu ilikuwa na wekundu uliokolea kuelekea weusi, kama damu imevilia chini ya ngozi.

Niliganda mlangoni. Nikajiambia kwamba nikimgusa nitawabebea ugonjwa kuku wa nyumba zote zilizobaki, na kwa kweli hilo lilikuwa jambo la kufikiriwa. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Nikaandika: kupooza, kuhara kijani, damu kuvilia miguuni. Nashuku kideri. Mkono wangu ukateremka ukurasani kwa mazoea, ukatia alama kwenye kisanduku cha *Uchunguzi wa mkono*.

Siku ile Afisa wa Tarafa alikuwa nje ya ofisi. Fomu ikaenda moja kwa moja kwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, asiyevua tai hata Februari. Aliisoma mara mbili.

"Una hakika, Wakio?"

"Ndiyo, Bwana Daktari."

"Basi kesho asubuhi nyumba zote saba. Watu wa kuchoma watafika saa nne. Wewe tangulia uwaarifu."

Asubuhi niliwakuta akina mama wamejaa kwenye ua wa Bi Mwana Esha; habari zilikuwa zimenitangulia. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, Marjani mapajani, amemfunika kwa ncha ya leso.

"Sabalkheri, mwanangu," alisema. "Waja kuniulia."

"Ana kideri, Bi Mwana Esha. Nimeona dalili. Ile miguu tu inatosha."

"Miguu ina nini?"

"Imevilia damu."

Kwenye dirisha la juu kikasikika kicheko. Alikuwa Bi Salma, jirani ambaye kinywa chake hakikuwa na breki.

"Haya, na mimi nichomeni!" Akatoa mikono yake miwili nje ya dirisha, myekundu hadi kwenye vifundo. "Tulipakwa bakuli moja, mimi na huyo kuku!"

"Hina?" niliuliza.

"Kwani kwenu kuku hatiwi hina?" akasema Bi Mwana Esha, akishangaa kweli. "Yuwaumwa na unyayo, hawezi kukanyaga. Hina yakausha kidonda. Nikaona nimpake na juu, asionekane mgonjwa."

Nikapiga magoti. Nikapitisha kiganja chini ya kidari, nikamshika Marjani. Mfupa haukuchoma. Gole lilikuwa limejaa. Pua kavu, macho maangavu. Wekundu wa miguu ulikatika sawasawa chini ya goti, kama soksi, mahali mkono wa bibi ulipokoma. Nikamgeuza. Chini ya unyayo, ndani ya donge la hina iliyokauka, kulikuwa na jipu la ukubwa wa kunde.

"Na unampa chakula gani?"

"Majani ya mronge. Nampondea asubuhi na jioni, apate nguvu."

Basi, huo ndio ulikuwa ukijani. Kupooza kulikuwa jipu tu, na dalili mbili nyingine nilizoziandika kama kifo zilikuwa mkono wa mama huyu, siku baada ya siku, ukimtunza kuku wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo.

Nilikimbia. Koti la khaki mkononi, viatu vikiteleza kwenye mawe, hadi ofisini. Daktari alikuwa uani na watu wawili wenye magunia na dumu la mafuta ya taa. Afisa wa Tarafa alikuwa amerudi, amesimama kando ameishika fomu yangu. Hakunisalimu.

"Ulimshika?" akauliza.

Kisanduku kilikuwa na alama, kwa mwandiko wangu. Ningeweza kusema ndiyo, kisha nidai kwamba dalili zimebadilika.

"Sikumshika, bwana. Niliandika uongo. Nimemshika leo. Ni hina."

Daktari akawaambia wale watu waweke magunia chini, akachukua mkoba wake.

Uani hakuweza kuingia, kwa hiyo Bi Mwana Esha akavaa buibui, akamtoa Marjani hadi barazani, amefungwa kwa leso kichwa tu nje. Daktari akamshika. Akapapasa taratibu, kila mahali, wanawake wakichungulia nyuma ya milango. Akapasua jipu, akaliosha kwa maji ya chumvi vuguvugu, akalifunga.

"Siku saba," akasema. "Kuku asitoke wala asiingie kichochoro hiki. Wakio, kila asubuhi utamshika kila mmoja. Akifa hata mmoja, nitarudi na magunia."

Kuku thelathini na wanne. Niliwashika wote, asubuhi saba. Kila nilipoingia niliangalia kwanza nani hajasimama. Asubuhi ya saba Marjani alikuwa juu ya ukingo wa kisima, kwa miguu yake miwili, akinifokea. Nikakaa chini pale pale nikacheka, machozi yakinitoka, na Bi Salma akauliza toka juu kama nimeambukizwa.

Nilipata barua ya onyo, na niliistahili. Kwenye fomu ya mwisho Daktari aliniamuru nijaze sababu ya wekundu wa miguu. "Andika hivyo hivyo: hina," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza. Marjani aliishi miaka miwili zaidi, akafa kwenye tenga lake adhuhuri moja ya joto, kwa uzee tu.

Sasa nimestaafu. Watu wa Tudor ninapoishi huniletea makoo yao yaliyochoka, nami huwaambia yaleyale: teremsheni kitulio, ule mti wanaolalia usiku, maana kuku mzee huumia akiruka, lowesheni pumba kwa maji ya moto, kateni kucha, tazameni nyayo. Lakini kabla ya yote hayo huwauliza swali la mzee wa Kidigo, na wengi huinamisha macho.

Mimi mwenyewe ninao wawili, hawatagi. Kila asubuhi huwashika kabla ya chai. Mmoja ana miguu myekundu, iliyokatika sawasawa chini ya goti kama soksi. Nimempaka mwenyewe.