Ungo wa Mabawa

Ko-ko-ko, ko-ko-ko. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu, na hadi leo nikiisikia mate hunijaa mdomoni na hasira hunijaa kifuani, vyote kwa pamoja. Ni sauti ya vijiti viwili vikigongwa juu ya gogo lililolazwa kando ya kichuguu. Kwetu, chini kidogo ya Kimilili, mvua za mwezi wa tatu zikishaanza, watu huwadanganya kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa. Unafunika matundu ya kichuguu kwa blanketi kuukuu na majani ya migomba, unaacha upenyo mmoja wa mwanga, na chini ya upenyo huo unachimba kishimo. Kisha unanyunyiza maji na kugonga gogo taratibu, bila kuchoka, mpaka walio ndani waamini kwamba matone yanaanguka. Wanatoka mbio, wanafuata mwanga, wanadondoka shimoni. Kazi inayobaki ni kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, kupepeta mabawa kwenye ungo, na kula kwa ugali wa wimbi. Wee! Aliyekulia mjini hajui alichokosa.

Kichuguu chetu kilikuwa cha baba, na kabla yake cha babu. Desturi yetu ni kwamba shamba linaweza kwenda kwa mwingine, lakini kichuguu kina mwenyewe, na mwenyewe akifa ni cha mjane na watoto wake. Hicho chetu kilimpita mtu mzima kwa urefu, na juu yake ulisimama mkuyu ambao kivuli chake kilikuwa na ubaridi hata saa saba mchana. Mama hakuwa na masihara nacho. Kila tulipofunika matundu alituamuru tuache moja wazi. "Wacha hao waende," alisema. "Mkimaliza wote, mwaka ujao mtakula nini, udongo?" Tulinung'unika tukiwatazama wakipaa, wanene, wakimetameta juani, chakula kinatutoroka tukiona.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mwaka uliofuata, nyasi hazijaota vizuri kaburini, mdogo wake, baba mdogo Simiyu, akahamisha ua wa mpaka. Tuliamka tukakuta kichuguu kiko upande wake. Mvua zilipoanza tukasikia ko-ko-ko, na wanaogonga si sisi. Mama alijifunga leso kiunoni, akachukua ungo wake, akaenda, mimi nyuma yake. Hakwenda kugombana. Alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, shamba umechukua, sawa. Lakini kichuguu ni cha watoto wa ndugu yako." Baba mdogo alikuwa amechuchumaa na wanawe, ndoo imejaa pomoni, na matundu yote ameyaziba, hata moja hakuacha. Akaupokea ungo kwa adabu zote, akaingia nao jikoni kwake, akarudi nao umejaa. Umejaa mabawa matupu. "Chukua, shemeji, na wewe usikose," alisema, na wanawe wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakumwaga. Aliubeba ungo ule hadi nyumbani, akauweka mlangoni, akaniita. "Nafula, angalia hii ungo vizuri." Niliangalia, upepo ukiyachukua mabawa machache machache na kuyatupa uani. Haki ya Mungu, mpaka leo naangalia.

Asifikiri mtu baba mdogo aliishia hapo. Msimu haujaisha akaleta trekta, eti kichuguu kinamharibia mistari ya mahindi. Mkuyu aliukata akauchoma makaa. Ndani ya kichuguu alimwaga dawa, kisha trekta ikakisawazisha kikawa sawa na kiganja cha mkono. Kando ya kijito kilichopita chini ya shamba akapanda mikaratusi, miti inayokausha maji, akajiona mkulima wa kisasa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku hiyo mama alilia kwa sauti, yeye ambaye kwenye mazishi ya baba alilia kimyakimya.

Sasa mimi ni mwalimu wa jiografia huko Kitale, na kile nilichokiona kwa macho ya mtoto ninakifundisha kwa chaki. Mchwa hutoboa ardhi vijia visivyohesabika, na mvua ikinyesha maji huingia humo badala ya kukimbilia mtoni. Mizizi huyanyonya, majani huyarudisha hewani yakiwa mvuke, na mvuke wa msitu wa mlima Elgon na miti yetu ulikuwa ukikusanyika na kuturudia alasiri, mvua ya saa tisa iliyomfanya mama aanue nguo kambani bila hata kutazama juu. Siku hizi mvua hiyo haina saa. Hukaa wiki nzima bila kuja, kisha humwagika yote kwa mkupuo na kuondoka na udongo. Najua, si kazi ya mtu mmoja. Najua moshi wa viwanda vya nchi za mbali umeipasha dunia joto, na msitu wa mlima umekatwa na mikono mingi. Wanafunzi wangu wanaandika hayo kwenye mtihani na ninawapa alama zote. Lakini moshi wa mbali hauna shingo ya kukaba. Baba mdogo anayo.

Nami nilingoja. Wale kumbikumbi ambao mama aliwaachia tundu miaka ya baba, kumbe hawakwenda bure. Nyuma ya jiko letu, upande wetu wa ua, udongo ulianza kuinuka, kwanza kama chungu kilichofunikwa, halafu ukafika gotini, halafu kiunoni. Mama aliuzungushia miiba ng'ombe wasiukanyage. Kila likizo nilipokuja nyumbani kutoka Kitale nilikwenda kuutazama kabla hata ya kunywa chai. Leo ni kichuguu kilichonipita urefu, na matundu yake tunayafunika yote isipokuwa moja.

Mwaka huu mvua ya mwezi wa tatu ilinyesha siku chache ikakata. Watu walikuwa wameshapanda, mbegu zikachipuka na kukaukia hapo hapo. Shamba la baba mdogo, lile lililosawazishwa, lilipasuka nyufa za kuingiza vidole, na kijito chini ya mikaratusi yake sasa ni njia ya mbuzi. Likizo ya mwezi wa nne nilikuja nyumbani, nikabeba maji ya kisima mpaka kichuguuni, nikanyunyiza, nikagonga gogo. Walitoka kwa mvua ya uongo, kama sisi tulivyopanda kwa mvua ya uongo. Walikuwa haba, lakini walitoka. Nilikuwa nimeshawakaanga na kuwapepeta nilipoona mtu wa mkongojo anakuja polepole, bakuli mkononi. Wanawe wote walishahamia mjini.

"Nafula, mwanangu," baba mdogo alisema. "Nimesikia mnagonga. Miaka mingi sijaonja. Si unipatie kidogo tu, bana, hata ya kulambia."

Nilimkaribisha kiti. Nikaingia jikoni. Ungo ni ule ule, mama aliushonea ukingo mpya mara nyingi. Nikakusanya mabawa, nikamletea kwa mikono miwili kama mtu anayemheshimu mzee wake. "Chukua, baba mdogo, na wewe usikose," nilisema. Alitazama ungo, akanitazama mimi, na nikaona amekumbuka. Sikuona huruma hata chembe, na siombi radhi kwa hilo.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, mzee sasa, Biblia mapajani, siku nzima amekuwa akiimba nyimbo za kanisani. Alinyoosha shingo kuona nilichobeba. Nikajikaza, maana nilijua ataniambia nimsamehe, nimpe mzee wa watu chakula.

"Hiyo ni kidogo," mama alisema. "Muongezee."

Nikarudi jikoni kuongeza. Nje jua lilikuwa linachoma, katikati ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri, na nguo zilikuwa bado kambani.