Mama Alipokuwa Mteja Wangu

Siku nilipopata barua pepe kwamba naruhusiwa kufanya mtihani wa uwakili wa Uingereza, niliruka pale ofisini kwangu Katesh mpaka kiti kikaanguka. Nilikuwa tayari na miaka sita ya uwakili. Mume wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametangulia kupata kazi huko, na watu walikwisha kunipangia maisha: nikifika nitaosha vyombo au nitatunza wazee. Sikudharau kazi ya mtu. Lakini sheria niliipenda, na sikuona kwa nini niiache uwanja wa ndege.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa maswali ya kuchagua majibu, na sheria yao ya ardhi ilinitoa jasho. Huku kwetu ardhi yote ni ya umma, mikononi mwa Rais. Kule mtu anamiliki kipande chake moja kwa moja. Nilisoma kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, nikaifanya, nikafaulu. Ya pili ilikuwa ya vitendo, na ndani yake kulikuwa na kumhoji mteja. Mteja mwenyewe ni mwigizaji, na ndiye anayekupa alama.

Nikachukua likizo, nikaenda kwa mama, kijijini Nambis, kujifua. Nilimkuta uani akifunga mafungu ya vitunguu saumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Ni hayo masomo?"

Nikamweleza kwamba nataka awe mteja wangu. "Tunga shida yoyote, mimi nitakuhoji."

"Nitunge ya nini, wakati ya kweli ninayo?"

Akaniambia kwamba baba alipofariki, baba mdogo alitaka kuchukua shamba la bondeni. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nikashika kalamu, nikaanza kumimina maswali: shamba lina ukubwa gani, lina mipaka gani, mashahidi ni akina nani. Mama akajibu matatu, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

"Mbona umeacha kujibu?"

"Umeuliza kama wale wa baraza la kijiji," alisema. "Nilikwenda kule nimekubeba mgongoni, hata arobaini ya baba yako haijapita. Wakauliza jina, wakauliza mipaka. Hakuna aliyeniambia pole. Nikasahau nusu ya niliyotaka kusema."

Niliweka kalamu chini. "Pole, mama."

"Ahaa. Sasa uliza."

Akanisimulia yote: alivyorudi barazani mara ya pili akiwa na bibi yangu mzaa baba, na bibi akawataja waliolima shamba lile tangu enzi za babu wa mumewe hadi baba na mama, mmoja mmoja, mpaka baba mdogo mwenyewe akainamisha kichwa. Shamba likabaki letu. Ndilo lililonisomesha. Tulifanya mazoezi hayo wiki nzima, na kila siku mama alikuwa mteja mwingine, mara mkali, mara mwongo, mara kiziwi. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Nilifika Uingereza wakati wa baridi kufanya sehemu ya pili, nikiwa na furaha kuliko hofu. Kwenye chumba cha mtihani aliingia mzee, akasema mkewe amefariki na anataka kujua kuhusu nyumba. Muda ulikuwa mfupi, na wosia ulikuwa mezani ukinisubiri. Nikauacha. Nikampa pole kwanza, kwa Kiingereza changu chenye lafudhi ya kwetu Mbulu, nikaweka kalamu chini. Mzee akavuta kiti karibu, akaanza kunieleza habari za mtoto ambaye wosia haukumtaja.

Nilirudi Katesh kusubiri. Matokeo yaliingia kwenye simu nikiwa na mteja, mfugaji wa Getanuwas aliyekuwa akidai ng'ombe wake. Nikasoma neno moja, nikapiga kelele. Mzee wa watu akainuka na fimbo yake.

"Kuna nini, mwanasheria?"

"Nimefaulu, mzee! Sasa naweza kuwa wakili hata Ulaya!"

Nikampigia mama palepale. Vigelegele vyake vilimfikia mzee hadi aliposimama, akatabasamu, akanipa mkono na kunipongeza kwa dhati. Kisha akaketi vizuri, akaweka fimbo magotini.

"Ulaya utakwenda," alisema. "Ila kesi yangu ni Jumanne."

Nikafuta machozi, nikafungua faili lake.